Mimi ni O hasi, mume wangu ni B chanya: je, damu zetu hazipatani?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 27 na mimba ya wiki 14. Mwaka jana mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki 11, nikasafishwa kizazi na kuruhusiwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyeniuliza kundi langu la damu. Safari hii nimepimwa kliniki nikaambiwa ni O hasi, na mume wangu amepima, ni B chanya. Tangu hapo sina raha. Mama mkwe anasema damu zetu hazipatani, ndiyo maana mimba ilitoka, na hata hii haitafika. Shangazi anasema anawajua watu walioachana kwa sababu hiyo na kila mmoja akazaa kwingine. Muuguzi mmoja aliniambia nisijali, mtoto wa kwanza huwa hapati shida. Rafiki yangu naye anasema kuna sindano, ila nimeshachelewa. Nimsikilize nani? Mwanangu yuko salama?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa mimba. Nianze na kile kinachokukosesha usingizi. Katika yote uliyonieleza sioni hata moja linaloonyesha kwamba mimba hii haitafika, wala linaloonyesha kwamba wewe na mumeo hamfai kuzaa pamoja. Ninachoona ni kipimo kimoja ambacho hujakitaja, na ambacho ndicho kitakachotuambia umesimama wapi. Ni kipimo cha kutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupigana na kitu kigeni, katika damu yako; wengi kliniki hukiita Coombs. Kama hujafanyiwa, kiulizie wiki hii. Mengine yote nitakayoandika hapa yanakizunguka kipimo hicho.

Hao wanne waliokushauri, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini amekiweka mahali pasipo pake. Tukipange upya.

Kundi lako lina sehemu mbili. Herufi O inasema kwamba chembe zako nyekundu za damu hazina alama ya A wala ya B. Neno "hasi" linahusu kitu kingine kabisa, protini iitwayo D, ya mfumo wa makundi ya damu uitwao Rh. Mwenye protini hiyo juu ya chembe zake nyekundu ni chanya, asiyekuwa nayo ni hasi. Kuwa hasi si ugonjwa wala upungufu. Umezaliwa hivyo kwa sababu baba yako na mama yako wote walikupa nakala ya jeni (maelekezo ya kurithi) isiyo na D. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban 15 kati ya 100 wako kama wewe. Kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara ni wachache zaidi, na mashariki ya Asia hawafiki hata 1 kati ya 100. Uchache huo una hasara yake: jambo lisiloonekana kila siku ni rahisi kusahauliwa, kama lilivyosahauliwa siku uliyosafishwa kizazi.

Sasa mama mkwe. Damu yako na ya mumeo hazikutani popote. Tendo la ndoa halichanganyi damu, na kundi la damu halizuii mimba kutunga. Hakuna wanandoa wanaokosa mtoto kwa sababu mmoja ni O na mwingine ni B, au kwa sababu wote wawili ni kundi moja, jambo ambalo nalo nimeulizwa mara nyingi. Suala la Rh si la mke na mume. Ni la mama na mtoto aliye tumboni, na mume anaingia kwa njia moja tu: yeye ndiye anayeweza kumpa mtoto ile protini D ambayo mama hana.

Kuna mahali pamoja tu ambapo damu ya mume humfikia mke kweli, nako ni kwenye kuongezewa damu. Mwaka 1939 madaktari Philip Levine na Rufus Stetson wa New York walieleza habari za mama aliyejifungua mtoto aliyekufa tumboni, kisha akaongezewa damu ya mumewe, mwili wake ukaikataa vibaya sana. Wote wawili walikuwa kundi O. Kwa hesabu ya wakati ule damu hiyo ilifaa. Kumbe mwili wa yule mama ulikuwa umeshakutana na alama ya baba, kupitia kwa mtoto, na ukajifunza kuipiga vita. Kutokana na hayo nakupa neno moja la pembeni, ulishike: ukihitaji damu siku yoyote, mumeo asiwe ndiye wa kukutolea, na wewe upewe damu ya O hasi.

Turudi tumboni. Kwa kawaida damu ya mama na ya mtoto hupita kila moja upande wake wa kondo la nyuma. Chakula na hewa huvuka, chembe za damu hubaki kwao. Lakini ukuta ule hauko salama muda wote. Wakati wa kujifungua kondo linapobanduka, damu kidogo ya mtoto humwagikia kwa mama. Inaweza kutokea pia mimba inapoharibika, inapotunga nje ya kizazi, mama anapotokwa damu, anapoanguka au kupigwa tumboni, au daktari anapomgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Mara nyingi kiasi chenyewe ni kidogo, pengine hakijazi kijiko cha chai.

Kinga ya mama ikiona chembe zenye protini D, inaziona kama mgeni asiyejulikana, na huanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Hapa ndipo penye siri ya yale aliyokuambia muuguzi. Mara ya kwanza kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na kingamwili za mwanzo ni kubwa mno, haziwezi kuvuka kondo. Mtoto mara nyingi anakuwa ameshazaliwa, na hadhuriki. Lakini kinga ya mwili haisahau. Mimba nyingine yenye mtoto wa Rh chanya ikija, inajibu upesi, na safari hii kwa kingamwili ndogo zinazovuka kondo, ambazo huzishika chembe nyekundu za mtoto na kuziharibu. Mtoto anapungukiwa damu akiwa bado tumboni. Hali ikizidi, moyo unazidiwa na mwili unajaa maji. Akizaliwa, mabaki ya chembe zilizovunjika humfanya awe wa njano, na njano hiyo ikipanda sana inaweza kuudhuru ubongo.

Kwa hiyo muuguzi hakukosea kanuni. Alikosea hesabu. Kinga ya mwili haihesabu watoto uliowabeba mgongoni, inahesabu mimba zilizopita tumboni. Hii kwako ni ya pili.

Je, mimba ile iliharibika kwa sababu ya Rh? Karibu nina hakika kwamba hapana, na nataka ulibebe jibu hili hadi kwa mama mkwe. Ili Rh imdhuru mtoto, ni lazima mama awe na kingamwili tayari kabla ya mimba hiyo. Ilikuwa mimba yako ya kwanza. Kama hukuwahi kuongezewa damu maishani, hukuwa na mahali pa kuzipata. Mimba zinazotoka kabla ya wiki 12 ni nyingi mno duniani, na takriban nusu yake hutokana na kasoro ya kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) iliyotokea mimba inatungwa, isiyo na uhusiano na kundi la damu, wala kazi uliyofanya, wala ulichokula. Hukuiharibu wewe, na mumeo hakuiharibu.

Swali la haki ni lile la kinyume: je, mimba ile ilikuachia kingamwili? Inawezekana, lakini uwezekano ni mdogo. Mtoto wa wiki 11 ana damu kidogo sana mwilini. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kuhusu wiki hizi za mwanzo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi sindano mimba inapotolewa kabla ya wiki 12, ilhali miongozo ya baadhi ya nchi inataka apewe mama aliyesafishwa kizazi hata kama wiki hazijafika. Kwa hiyo siwezi kusema waliokuhudumia walikutendea kosa kwa kutokukupa sindano. Kukuuliza kundi lako lilikuwa jambo la lazima, na hilo ulinyimwa.

Rafiki yako anasema kweli kwamba sindano ipo. Inaitwa Anti-D, na ilianza kutumika mwaka 1968 baada ya utafiti uliofanyika New York na Liverpool. Ndani yake mna kingamwili dhidi ya D zilizotolewa kwa watu wengine. Ukichomwa, zinazishika chembe za mtoto zilizovuka na kuziondoa kabla kinga yako haijajifunza kuzitambua. Hutolewa kwenye plazima, yaani majimaji ya damu, ya watu wanaochangia damu. Mmoja wao, James Harrison wa Australia, alichangia mara 1,173 kuanzia mwaka 1954 hadi 2018, akafariki mwaka 2025. Kina mama wengi mno wamechomwa dawa iliyotoka mkononi mwake bila kujua jina lake. Plazima hiyo hupimwa na kusafishwa dhidi ya virusi kabla haijawa dawa, kwa hiyo usiogope kwamba ni damu ya mtu. Kiasi kidogo humfikia mtoto na hakimdhuru.

Tazama ilivyobadilisha mambo. Zamani, mama wa Rh hasi akimzaa mtoto wa Rh chanya mwenye kundi la ABO (A, B, AB au O) linalolingana na lake, takriban 16 kati ya 100 waliishia kuwa na kingamwili. Sindano ya baada ya kujifungua imeshusha idadi hiyo hadi karibu 2 kati ya 100, na ukiongeza sindano ya wiki ya 28, hata mama mmoja katika mia hapatikani. Lakini soma hesabu ile ya kwanza mara mbili: hata kabla dawa haijakuwepo, zaidi ya 80 kati ya 100 hawakupata kingamwili. Hao wanandoa wa shangazi yako, wengi wao waliachana bure.

Je, umechelewa? Kwa mimba ya mwaka jana, ndiyo. Sindano inatakiwa ndani ya saa 72 tangu tukio. Zikipita bado inafaa kuchomwa hadi siku ya 10, na hata baadaye kidogo, ingawa nguvu yake inapungua. Mwaka mzima baadaye haina kazi. Kwa mimba hii hujachelewa hata siku moja.

Tuseme kipimo chako kinarudi safi, hakuna kingamwili, na hilo ndilo ninalolitarajia. Basi uko sawa na mama ambaye hajawahi kubeba mimba. Wiki ya 28 utapimwa tena, kisha utachomwa Anti-D, kwa kawaida mikrogramu 300. Msisitizo wangu ni kwenye mpangilio: damu itolewe kwanza, sindano ifuate. Ikitangulia sindano, kipimo kitaonyesha kingamwili za dawa, na mtu asiyejua anaweza kukuambia umeshaathirika. Nimewaona kina mama walioishi na hofu ya miezi kwa kosa dogo kama hilo. Ukijifungua, damu ya mtoto itachukuliwa kwenye kitovu na kupimwa kundi. Akiwa hasi, huhitaji kitu. Akiwa chanya, unachomwa tena ndani ya saa 72. Kama uzazi ulikuwa wa damu nyingi, upasuaji, au kondo lililotolewa kwa mkono, omba wapime ni damu kiasi gani ya mtoto imekuingia, kwa sababu dozi moja ya mikrogramu 300 inatosha mililita 30 tu za damu ya mtoto.

Dawa hii hukaa kwenye jokofu na haipatikani kila mahali kila siku. Usingoje uchungu ndipo uulize. Ukifika wiki ya 24 au 25, muulize mkunga: ipo hapa? Isipokuwepo, nitaipata wapi, na nani ataagiza? Hayo ni maswali ambayo mumeo anaweza kuyafuatilia kwa niaba yako, na ni bora zaidi kuliko kukaa na kusikiliza maneno.

Na tuseme kipimo kinarudi na kingamwili. Sitakuficha: hapo Anti-D haikusaidii tena kwa D, kwa sababu kinga imeshajifunza, na hakuna dawa ya kuisahaulisha. Lakini si mwisho wa mimba. Utahamishiwa kwa daktari bingwa wa uzazi. Kiwango cha kingamwili kitapimwa kila baada ya wiki chache. Kikiwa chini, pengine hakitamgusa mtoto kabisa. Kikifika 1:16 au 1:32 (namba za maabara zinazoonyesha wingi wa kingamwili), kutegemea hospitali, mtoto ataanza kutazamwa kwa ultrasaundi maalumu inayopima kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wake. Damu ikipungua huwa nyepesi na hukimbia, kwa hiyo daktari anatambua upungufu bila kumchoma mtoto sindano. Upungufu ukiwa mkubwa, mtoto huongezewa damu akiwa tumboni kupitia mshipa wa kitovu. Daktari William Liley wa New Zealand alikuwa wa kwanza kumwongezea damu mtoto aliye tumboni, mwaka 1963, wakati ambao wengine walidhani haiwezekani. Ni kazi ya hospitali kubwa, na ndiyo sababu nakusukuma upime sasa na si mwezi wa nane, ili kama ni safari, uisafiri mapema.

Katika hali hiyo hata damu ya mumeo itachunguzwa zaidi. Mtu wa Rh chanya anaweza kuwa na nakala mbili za D, na hapo kila mtoto wake atakuwa chanya, au nakala moja, na hapo kila mimba ina nusu kwa nusu. Ikiwa mama yake au baba yake ni Rh hasi, basi mumeo ana nakala moja tu. Siku hizi kuna nchi ambazo hutambua kundi la mtoto kwa damu ya mama peke yake, mimba ikiwa na wiki 10 au 11. Kipimo hicho kikiwepo karibu nawe, kitumie. Kisipokuwepo, hujapoteza usalama wowote kwa kuchomwa sindano ambayo pengine hukuihitaji.

Kuna jambo ambalo hakuna mshauri wako aliyeligusa, nalo lipo kweli: wewe ni O na mumeo ni B. Mtu wa kundi O huzaliwa na uwezo wa kutengeneza kingamwili dhidi ya A na B bila kungoja mimba, kwa hiyo mtoto akirithi B, hata wa kwanza anaweza kuguswa. Ila mtikisiko huu kwa kawaida ni mwepesi. Alama za A na B kwa mtoto mchanga bado hazijakomaa kwenye chembe zake, na zinapatikana pia kwenye tishu nyingine zinazogawana mashambulizi. Karibu kila mara kinachotokea ni njano ya siku za mwanzo, inayotibiwa kwa taa ya mwanga wa bluu. Mimba haiharibiki kwa hilo. Tena mtoto akiwa B chanya, kingamwili zako za asili huziondoa haraka chembe zake zinazovuka, na hivyo kupunguza nafasi ya kinga yako kuijua D. Usiitegemee kama kinga, sindano iko palepale.

Nikuombe jambo moja kuhusu makundi haya. Mtoto akizaliwa na kundi tofauti na la baba yake, msianze kunyoosheana vidole. Mtoto wa mume B na mke O anaweza kuwa O kama baba amebeba O iliyojificha, na wazazi wawili wa Rh chanya wanaweza kumzaa mtoto wa Rh hasi. Pia msichanganye haya na selimundu. Herufi AA, AS na SS zinahusu hemoglobini, protini inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu, si kundi la damu. Wanandoa wawili wenye AS wana uwezekano wa 1 kati ya 4, kwa kila mimba, wa kumzaa mtoto mwenye selimundu, na hapo ushauri kabla ya kuzaa una maana kubwa. Nadhani maneno mengi ya "damu hazipatani" yalizaliwa kwenye mchanganyiko huo. Kama hamjawahi kupima hemoglobini, pimeni siku hiyohiyo mnayokwenda kwa Coombs.

Mtoto akishazaliwa, mtazame kwenye mwanga wa mchana. Kwa ngozi nyeusi njano haionekani vizuri usoni, kwa hiyo angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Njano inayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kungojea kamwe. Vivyo hivyo mtoto aliyepauka, anayelala mno asiamke kunyonya, anayelia kwa sauti kali isiyo ya kawaida au kukakamaa mgongo: mkimbize hospitali wakati huohuo. Kumwanika juani si tiba. Endelea kumnyonyesha, maziwa yako hayamdhuru hata ukiwa na kingamwili.

Na kwa sasa, andikisha "Rh hasi" kwa herufi kubwa kwenye kadi yako ya kliniki, ukurasa wa mbele. Ukianguka, ukigongwa tumboni, ukiona damu ikitoka hata kidogo, au baadaye mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyohiyo na ukifika useme mwenyewe, kabla hujaulizwa, kwamba wewe ni O hasi na unahitaji kuangaliwa kwa ajili ya Anti-D. Kama ni usiku, usisubiri kupambazuke. Saa 72 zinaanza kuhesabiwa pale tukio linapotokea, hazikungojei ufike hospitali.